Dawa Kutoka Mkono wa Léonie

Shambani kwetu,
Saint-Aubin, Maine.
15 Aprili 2019

Mpendwa Mama mdogo Philomène,

Shikamoo. Hujambo huko Alberta, na lile goti je? Usiniambie limepona, maana mwanao ameshanieleza kwamba unapanda ngazi kwa kushika ukuta. Sisi wazima. Theluji bado imelala mashambani na viazi vya mbegu vinachipua ghalani. Mama, dada yako, anakula vizuri na anagomba vizuri, kwa hiyo afya ipo.

Kwanza nakushukuru kwa barua uliyomwandikia mdogo wangu Léonie, ukimruhusu aisimulie bungeni habari yenu. Nakiri kwamba mimi nilimkataza. Nilimwambia, "Wewe sasa mbunge. Ukijitangaza ulivyomdunga mtu sindano isiyo yake, nani atakupa kura tena?" Akanijibu, "Dada, wewe lima viazi." Nilinuna wiki nzima.

Mambo ya mwaka tisini na saba unayajua kuliko mimi, maana kitandani ulikuwa wewe. Mimi nilijua alichosimulia Mama tu: kwamba Léonie, wakati ule muuguzi, alikupa insulini ya mgonjwa wa kitanda cha pili, ukazimia, nusura tukuzike. Tangu siku ile, miaka ishirini na miwili, Mama hajapokea hata kidonge cha kichwa kutoka mkono wa Léonie. Mtoto amesoma sheria, amekuwa wakili wa wauguzi, amechaguliwa kwenda bungeni Augusta, na bado kila Jumapili akinyoosha mkono kuchukua kopo la vidonge vya presha, Mama anasema, "Mwachie Claudette." Nami nampa Mama vidonge huku mdogo wangu akitazama sahani yake. Iliniuma, Mama mdogo, ila sikuwahi kusema.

Basi, Jumanne tulimtazama kwenye kompyuta akitetea muswada wake, kwamba muuguzi asilazimishwe kupitisha saa kumi na mbili mfululizo kazini. Mama alijifanya anamenya viazi.

Léonie alisimama akasema, "Mheshimiwa Spika, siku ile nilikuwa kazini saa kumi na tisa mfululizo. Niliomba kwenda nyumbani mara mbili, nikakataliwa." Akaeleza kwamba wodini mlikuwa akina Ouellette watatu, kama kawaida ya huku kwetu, na kwamba sharti la muuguzi ni kumuuliza kila mgonjwa jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha kusoma utepe wenye jina lake mkononi, ndipo atoe dawa. "Lakini huyu alikuwa mama yangu mdogo," akasema. "Nani humuuliza mama yake mdogo jina lake?"

Halafu akasema jambo ambalo hapa nyumbani hakuna aliyelijua. Kwamba alikuja kukiri kwako mwenyewe, kabla hajaulizwa na mtu, nawe ukamjibu ukiwa bado na dripu: "Acha kulia, unanilowesha shuka. Nenda kaisome hiyo sheria inayowaruhusu wakufanyishe kazi hivyo, halafu uibadilishe."

Mama akaweka kisu chini. "Saa kumi na tisa? Mbona hakuniambia?"

Nikamuuliza, "Kwani wewe ulimuuliza?"

Taa za kuonyesha kura zilipowaka ubaoni, muswada ulipita, sabini na nne kwa sitini na tisa. Bado Seneti, ila wanasema na huko utapita. Nililia bila aibu yoyote. Mama alirudi kwenye viazi vyake, akavimenya mpaka vikabaki kama njegere.

Jana Léonie alikuja kula, buti zimejaa matope. Nilikuwa jikoni nageuza ploye, zile chapati zetu nyembamba. Mama akalitoa kopo la vidonge, akalisukuma mezani mpaka mbele ya Léonie.

Léonie akaenda kunawa. Alinawa kwa muda mrefu mno. Akarudi, akatoa vidonge viwili, lakini hakumpa. Akamuuliza, "Jina lako kamili, Mama, na tarehe ya kuzaliwa?"

Nikajua hapo vita. Unamjua dada yako, si mtu wa kuulizwa jina jikoni kwake. Mama akapandisha mkono wa sweta, akamnyooshea kifundo kitupu cha mkono kana kwamba kina utepe. "Albertine Ouellette," akasema. "Tarehe saba Februari, thelathini na nane." Akapokea, akameza. Ploye yangu iliungua na hakuna aliyelalamika.

Nakushukuru, Mama mdogo. Ulikuwa na haki ya kumshtaki, ukampa kazi ya kufanya.

Wasalimie mwanao na mkewe Bernice, na wakushike mkono kwenye ngazi hizo. Mama anasema uje viazi vikikomaa. Amekuwekea chumba cha chini, hakina ngazi hata moja. Mungu akulinde, goti na vyote.

Ni mimi mwanao, nikupendaye sana, niliyefutwa rasmi kazi ya vidonge,

Claudette