Maneno ya Kiwanja cha Mpira

Jumatatu, 4 Oktoba 1976

Mahakamani asubuhi. Kesi mbili za mipaka ya viwanja, moja ya talaka. Zote zimeahirishwa. Joto kali, mvua bado. Ndani ya joho nililoa jasho mpaka mgongoni. Jaji alisinzia. Simlaumu.

Kazi hii niliianza wakati wa Wabelgiji, nikiwa karani wa kutafsiri maneno ya mashahidi. Baba aliletwa hapa kutoka Kasai kwa ajili ya shaba. Alitaka niwe padri. Nimekuwa mtu wa kusema kwa niaba ya wengine. Si mbali sana.

Mke wangu, Mama Kalala, alirudi jioni, sauti imekauka. Tangu Chama cha Raisi kimpe wanawake wa mtaa wetu wa Kikula awaongoze, kila alasiri yuko kwenye kiwanja cha mpira, anawafundisha kucheza na kuimba kwa ajili ya sikukuu ya Novemba, siku Raisi aliyotwaa nchi. Hakuomba kazi hiyo. Hakuna anayeulizwa. Alikula matonge mawili ya bukari, akaingia kulala bila kunisimulia kitu. Si kawaida yake.

Jumatano, 6 Oktoba

Mwanamke mzee amekuja ofisini, miguu yote vumbi. Binti yake ni Numbi, mwalimu wa shule ya msingi. Alikamatwa juzi kule kiwanjani.

Nilimwacha aeleze polepole. Numbi amemzika mdogo wake mwezi uliopita. Akalazimishwa kwenda mazoezini hata hivyo. Alipofika akaketi chini katikati ya wenzake, akasema, "Leo miguu yangu iko ku matanga." Kuomboleza si kosa. Lakini baadaye kidogo sauti moja kutoka kwenye kundi hilo ilisema neno juu ya Raisi. Kasongo, katibu wa Chama wa mtaa, alikuwa amesimama nyuma yao. Hakuona mdomo. Aliona aliyeketi. Akaandika: Numbi amemtukana Mkuu wa Nchi.

Nimechukua kesi.

Nilimwambia mke wangu wakati wa chakula. Akauliza, "Umekubali?" Nikasema ndiyo. Akaondoka mezani kwenda kuchota maji. Ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Alhamisi, 7 Oktoba

Gerezani. Numbi ni mwembamba, amenyoa nywele kwa ajili ya msiba. Hakulia. Alitaka kujua nani anafundisha darasa lake. Sikujua.

Nilimuuliza kama alisema neno lile. Hapana. Kama anajua aliyesema. Alijibu kwa heshima wanayopewa mawakili hapa:

"Najua, Maître. Nilikuwa karibu naye sana. Sitamutaja."

Nilimweleza kwamba jina hilo ndilo mlango wa kutokea. Bila jina, miaka. Nilisema kwa ukali, kama ninavyofanya na wateja wanaojidanganya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ule mama iko na bwana, iko na batoto. Minye sina muntu, isipokuwa mama yangu."

Kisha akaniangalia. Kwa huruma. Nimezoea kuangaliwa na wafungwa kwa namna nyingi. Si hiyo.

Nimerudi kwa miguu. Sikupenda nilichoanza kukifikiri.

Jumamosi, 9 Oktoba

Mke wangu alikuwa nyuma ya nyumba, anatwanga majani ya muhogo ya kupika sombe. Sikuuliza. Aliacha mchi, akasema bila kugeuka:

"Ni minye njo nilisema."

Jua lilikuwa kali, anasema. Walikuwa wameimba wimbo uleule tangu saa nane. Mwanamke mmoja mwenye mimba alikuwa ameanguka. Kasongo akaamuru waanze upya, Raisi anapenda ngoma. Neno likamtoka, si kwa sauti kubwa: "Kama anapendaka kucheza, akuye acheze yeye mwenyewe." Wawili watatu walicheka. Alidhani limepita.

"Mbona hukusema walipomkamata?"

"Niliogopa."

Akaendelea kutwanga. Nilikaa kwenye kiti cha mbao mpaka akamaliza. Nilikasirika. Niliogopa pia. Hofu ilikuwa kubwa kuliko hasira. Ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili, 10 Oktoba

Mwanangu Kalala hakuja kula, yeye na mkewe. Huja kila Jumapili. Ametuma neno kwamba ana zamu kiwandani. Hana zamu. Ni injinia wa Kampuni ya shaba, nyumba ni ya Kampuni, shule ya watoto ni ya Kampuni, na Kampuni ni ya serikali. Amesikia baba yake anamtetea nani. Mengine hayajui. Sitamwambia.

Ningepaswa kujitoa kwenye kesi. Wakili wa kweli angejitoa leo. Lakini mwenzangu yeyote atakayeichukua atatafuta jina, na ataliona kwa siku moja. Kwa hiyo nabaki. Najiambia nabaki kwa ajili ya Numbi, kwa sababu hakuna mwingine atakayethubutu. Hiyo ni kweli. Ile nyingine ni kweli zaidi.

Jumanne, 12 Oktoba

Polisi ameleta wito. Si wangu. Mke wangu anaitwa kuwa shahidi upande wa mashtaka, kwa kuwa ndiye aliyeongoza mazoezi. Wanamtegemea athibitishe. Aliusoma wito mara mbili, akauweka chini ya kopo la chumvi.

Nilimfundisha la kusema. Kwamba kulikuwa na kelele, hakusikia. Alinisikiliza kama Numbi alivyonisikiliza, mpaka mwisho.

"Na yule mwalimu?"

"Mwalimu niachie mimi."

Tumeishi pamoja tangu mji huu ukiitwa jina lingine. Kimya chake cha kukubali nakijua. Hakikuwa hicho.

Ijumaa, 15 Oktoba

Naandika yote wakati bado nayakumbuka.

Ukumbi umejaa. Wanawake wa mtaa wamesimama ukutani. Picha ya Raisi juu ya kichwa cha jaji. Kasongo kavaa abacost mpya, koti la Chama lisilo na tai, shingo imebanwa. Alisoma karatasi yake kwa Kifaransa: maneno ya kumdharau Mkuu wa Nchi.

Nilimwomba aseme maneno yenyewe.

"Maneno mabaya, Maître."

"Yapi?"

"Mabaya sana."

Nilimwambia jaji kwamba mahakama haiwezi kumfunga mtu kwa maneno ambayo haijayasikia. Shahidi ayatamke, kwa Kiswahili, kama yalivyosemwa, na karani ayaandike. Hiyo ndiyo hila yangu, yote. Niliifikiri siku tatu.

Jaji akamwambia aseme. Kasongo akatazama picha. Akafungua kinywa. Akafunga. Jasho. Akasema kwamba yeye hawezi kuyarudia, kwa kuwa atakayeyarudia atakuwa ameyasema. Mtu fulani ukutani alikohoa, na nadhani hakikuwa kikohozi.

Nilijua kesi imekufa. Nilikuwa nafunga jalada.

Mwendesha mashtaka akamwita mke wangu.

Nilisimama kupinga: ni mke wa wakili. Jaji akasema sheria haikatazi. Kweli haikatazi. Mwendesha mashtaka akamwita mwananchi, kama Chama kinavyotaka:

"Citoyenne, ulisikia maneno hayo?"

"Nilisikia."

Sijawahi kukaa chini bila ruhusa mbele ya jaji. Leo nilikaa.

"Ni huyu aliyesema?"

"Hapana. Huyu alikuwa analilia ndugu yake. Hakufungula kinywa."

"Nani, basi?"

Alinyoosha kitambaa kichwani. Sauti yake haikutetemeka.

"Nitawaambia, citoyen juge. Lakini kwanza niseme maneno, karani aandike. Kiisha niseme jina."

Karani akamtazama jaji. Jaji aliweka kalamu mezani, taratibu, kama kitu cha moto. Tulisikia treni ya madini ikipita mbali. Kisha akasema mahakama imesikia ya kutosha. Hukumu Jumatano.

Tulirudi kwa miguu, yeye mbele. Sijui kama alitumia hila yangu, au alikuwa amekwisha kuamua. Nimeuliza mashahidi maswali maisha yangu yote. Hilo sikuweza kuuliza.

Jumatano, 20 Oktoba

Numbi ameachiliwa. Ushahidi hautoshi. Jaji alisoma haraka, akaondoka kwa mlango wa nyuma. Mama mzee alinishika mkono akashindwa kuuachia. Nilijisikia vibaya. Hii si haki iliyoshinda. Watu wote ukumbini waliogopa sentensi moja, na hofu hiyo, safari hii, ilimfungulia mtu mlango. Nimeshinda kesi bora kuliko hii nikaona fahari. Leo nimeona uchovu tu.

Jumatatu, 25 Oktoba

Kasongo amekuja na wanawake wawili kuchukua vitenge vya Chama. Mama Kalala si kiongozi tena. Sababu haikutajwa. Alivileta vimekunjwa, vimepigwa pasi. Wale wanawake hawakumtazama usoni, ila mmoja, akiwa langoni, alimgusa bega.

Numbi hatarudishiwa darasa lake. Wamempeleka shule ya mbali, upande wa Kamatanda, aanze mwezi ujao. Nimeandika barua ya kupinga. Haitajibiwa.

Mtu mmoja sokoni ameacha kunisalimia. Mwingine ameanza.

Jumapili, 7 Novemba

Mvua imeanza usiku, ikaendelea mpaka baada ya misa. Kalala amekuja na watoto. Tumeongea juu ya bei ya unga. Ameondoka mapema.

Baadaye Numbi alikuja kuaga. Nilimkaribisha ndani, akasema anataka kumsalimu mama. Walikuwa nyuma ya nyumba kwa muda mrefu. Sikwenda dirishani. Nilisoma jalada la mtu mwingine, ukurasa uleule.

Alipoondoka, mke wangu aliingia, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango.

"Alijua," akasema.

"Ndiyo."

"Weye ulijua kama anajua?"

"Tangu siku ile gerezani."

Alitikisa kichwa. Hakukasirika. Kisha akasema, "Nilipiga magoti mbele yake. Akaniambia, amuka mama, chini kuko maji."

Kitenge chake kilikuwa na tope magotini. Nilikwenda nikamchotea maji ya kuoga, nikayaweka jikoni yapate moto.