Ferrari ya Tonton Nday

Hadassa!! Tonton Nday amejifungia ku toilette, anakatala kutoka!

Unajua histoire yake: mwaka ya 1995, ye njo alipeleka Maman Victorine ku ndoa, hapa mutaa ya Jette, na Ferrari ya viti ine ya patron wake wa kazi.

Bon. Leo balitia kaseti vidéo ya ile ndoa ku télé. Kumbe Ferrari ilikuwa automatique! Zile hazionekanake, zilitoka vile ku usine, pédales mbili tu, hakuna embrayage, ile ya kubadilisha vitesse.

Muguu ya kushoto inatafuta embrayage, inakanyaga frein, motokari inasimama. Paf! Bibi arusi kichwa ku kiti ya mbele. Tena paf!

Alors Maman Victorine, na voile yake yote ku kichwa: «Tonton, shuka. Nitaendesha miye.»

Miaka makumi tatu anajisifu, Hadassa! Ku kaseti, Tonton iko kiti ya nyuma, anashika maua.