Maharage Yaliyoliwa Wakati wa Salamu

Shangazi Edvina,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na kahawa ya huku Kihanga imeanza kuiva. Naomba unitumie gunia la maharage kwa gari lolote litokalo huko Kyerwa. Sababu naieleza, ingawa naona haya.

Unaujua msimamo wangu: mtoto asiyefundishwa kujieleza hunyimwa haki maisha yake yote. Ndiyo maana darasani kwangu hakuna anayesema neno bila salamu na sentensi kamili. Juzi Kokwijuka, aliyekuwa na zamu ya kulinda shamba la shule, aliingia mbio.

"Mwalimu, ng'ombe!"

"Salamu kwanza."

"Shikamoo, mwalimu. Ng'ombe!"

"Ng'ombe wamefanya nini? Sentensi kamili, mama."

Alipoikamilisha, ilikuwa sentensi nzuri mno, nami nilimpongeza kabla ya kutazama dirishani. Maharage yaliyokaribia kuvunwa kwa chakula cha watoto yalikuwa yameliwa yote. Sasa watoto wanakula ugali kwa chumvi. Hoja yangu bado naiamini, shangazi, lakini nikiwatazama wakila, chakula changu hakishuki.

Jana nilisimama mbele ya Kokwijuka, nikasema, "Samahani."

"Samahani ya nini, mwalimu?" akauliza kwa adabu.

Dastan akadakia kutoka nyuma, "Sentensi kamili!"

Darasa zima likacheka. Nilisubiri wanyamaze, nikasimama wima, nikaanza na salamu.

Mtoto wa kaka yako,
Jasson