Papa Alishukuru Mapema

Cibitoke, Bujumbura, 4 Machi 2024

Dada Carmen mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mama amepona malaria, na mimi nimepata alama nzuri katika kemia. Wewe je, umezoea baridi ya Liège? Nakuandikia kwenye kompyuta ya shule. Simu ni ya Papa, na leo sitaki Papa asome.

Nimekasirika, dada. Jana kanisani Bwiza, wakati wa ushuhuda, Papa alisimama. Nilidhani atashukuru kwa ajili ya Mama. Akashika maikrofoni kwa mikono miwili: "Ndugu zangu, Mungu ni mukubwa! Mutoto wangu Carmen alienda kusoma Ulaya mwaka moja tu. Sasa amepata karatasi za kukaa. Harudi tena!" Watu wakapiga vigelegele. Mama Orpha alicheza mpaka kilemba kikaanguka. Mimi nilibaki nimekaa.

Karatasi gani? Uliniambia unarudi Julai, utetee kazi yako ya masta juu ya maji ya ziwa, kisha utafute kazi hapa hapa. Njiani nikamuuliza Papa ulimwambia lini. Akajibu, "Tonton wenu Gélase, ndugu yangu, anapanga kila kitu kule. Mutu wa imani anashukuru mbele ya kupata." Nikamwambia huo ni uongo. Najua mtoto hasemi hivyo kwa mzazi. Lakini ni uongo.

Leo asubuhi Hamissi, yule fundi wa pikipiki, ameniita barabarani: "We mudogo wa Mubelgiji! Siku ya kumufuata unitie ndani ya valisi, kati ya nguo zako!" Wote wanacheka, wote wanafurahi, na hakuna hata mmoja anayeuliza wewe unataka nini. Kwa hiyo nauliza mimi. Unarudi, au hurudi?

Mdogo wako,
Joëlla


Liège, 9 Machi 2024

Mdogo wangu,

Nimefurahi sana kusikia Mama amepona. Mwambie amalize dawa zote. Mimi ni mzima, ila mikono imepasuka kwa baridi.

Narudi. Nilitia sahihi kwamba nitarudi. Mwanafunzi aliyekuja kabla yangu alijificha huku, na nafasi hii ya masomo ikafungwa kwa miaka. Nikifanya kama yeye, Benite wa chuoni kwetu anayesubiri zamu yake ataipoteza. Na hata kama nisingetia sahihi, maji ninayosoma habari zake yako kwetu, siyo huku.

Unajua kinachoniudhi? Hapa kila mtu ananiuliza kwa wasiwasi, "Utabaki?" Huko nyumbani mnaniuliza kwa wasiwasi, "Utarudi?" Wazungu wanaogopa nisiondoke, na Papa anaogopa nisibaki. Sasa nikae wapi, hewani?

Tonton Gélase amenialika kula kwake Jumapili. Nitamwambia hivyo hivyo.

Dada yako,
Carmen


Cibitoke, 15 Aprili 2024

Dada Carmen,

Natumaini u mzima, maana sijui. Ulienda kula kwa Tonton, kisha kimya. Papa naye hasemi jina lako tena. Nikimuuliza anasema, "Mwache huyo." Kumetokea nini? Mimi si mtoto wa kufichwa mambo.

Mdogo wako,
Joëlla


Liège, 20 Aprili 2024

Joëlla wangu,

Ni mzima wa mwili. Nisamehe kimya, niliona aibu kuandika haya.

Kwa Tonton nilipewa wali na samaki, na baada ya kula nikapewa "hadithi" yangu, kurasa tatu zilizopigwa chapa. Ili nipewe karatasi lazima niseme nimekimbia nyumbani. Kwa hiyo humo ndani Papa ananipiga fimbo tangu utotoni. Papa ameniuza kwa mzee tajiri wa Kigobe. Papa ameapa kuniua nikirudi. Tonton akanifundisha hata mahali pa kulia: "Hapa, ukifika kwa muzee wa Kigobe, utoe machozi kidogo."

Nikamwambia, "Tonton, huyu ni kaka yako!"

"Ni karatasi tu. Nani atamusomea kule?"

Papa huyu huyu alinifundisha baiskeli akikimbia nyuma yangu, viatu mkononi, mpaka akaanguka yeye! Nilichana kurasa zote tatu mezani. Tonton akampigia Papa kwamba mimi ni mkaidi, nimekataa baraka. Papa akaniandikia kwamba hana haja ya mtoto wa kumwaibisha mbele ya kanisa. Hajui alichoshukuru. Mimi siwezi kumwambia. Kila nikianza nalia, tena bila kufundishwa. Kama wewe unaweza, mwambie.

Dada yako,
Carmen


Cibitoke, 29 Aprili 2024

Dada mpendwa,

Sisi ni wazima, ingawa nyumba imewaka moto wa maneno. Nilichapisha barua yako shuleni, na Jumamosi nikamsomea Papa alipomaliza kula. Nilisoma taratibu, kama darasani, nisiruke neno.

"Fimbo? Mi? Mutoto moja tu ndiye nilimuchapa humu, ni we Joëlla, sababu uliangusha redio!"

"Ndiyo, Papa."

"Na muzee wa Kigobe ni nani? Anaitwa nani?"

"Hana jina, Papa. Ametungwa."

"Na mi pia nimetungwa?"

Mama alicheka, kisha akaacha kucheka. Papa akampigia Tonton. Majirani wote walisikia: "Gélase! Unaniita muuaji, na mi nakuombea kila siku!"

Nilidhani jana atasimama kanisani asahihishe. Hakusimama. Ushuhuda ulipokaribia kwisha, nikanyoosha mkono mimi. Nikasema: "Dada yangu Carmen hana karatasi. Hakuziomba. Anarudi Julai kumaliza masomo yake. Mumwombee safari njema." Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama Orpha akasema, "Masikini!" Nikamjibu kwenye maikrofoni, "Si masikini, mama. Amefaulu."

Nyumbani Papa akaniambia, "Umenivua nguo mbele ya watu." Sikuomba msamaha.

Mdogo wako,
Joëlla


Cibitoke, 8 Julai 2024

Dada Carmen,

Salamu za mwisho kabla ya ndege yako. Sote tu wazima, na Mama ameanza kuulizia ndagala wazuri, wale samaki wadogo wa ziwani unaowapenda.

Kwa wiki nyingi Papa hakuligusa jambo hili. Jana akaniuliza kama zile kurasa zilifika kwa wakubwa wa Ulaya. Nikamwambia ulizichana. Akasema, "Basi muandikie arudi. Akichelewa watu wataamini nilimufukuza. Muambie nitasimama mbele kabisa pa uwanja wa ndege, anione wa kwanza."

Nilingoja, vidole juu ya simu yake, maana amenipa niandike humo. Nilitaka aseme, "Nisamehe, Carmen." Hakusema. Ila ameniuliza mara mbili ndege inafika saa ngapi, na ameipeleka suti yake kufuliwa.

Mimi bado nimekasirika. Njoo tukasirike pamoja.

Mdogo wako,
Joëlla