Jina la Uwesu ukutani

Faidha, shika simu! Yule Uwesu ninayepiga naye video za harusi kaumbuka huku Chilangala, mbele ya ukoo mzima wa bibi harusi.

Ile video ya harusi niliyoihariri mimi kaiingiza kwenye programu ya kompyuta yake ili abandike jina lake. JINA LAKE, Faidha!

Sasa, kamera yetu ya zamani inagawa kila picha katika nusu mbili za mistari, na lazima nusu iliyopigwa kwanza ndiyo ioneshwe kwanza. Hakuangalia. Programu yake ikageuza mpangilio. Huko ukutani inakooneshwa, bibi harusi akiinua mkono, unakwenda mbele unarudi nyuma. Anatetemeka kama ana degedege!

Mama yake akapiga kelele: “Uwesu, mwanangu umemfanya nini?”

Unajua alijibu nini? “Dorika ndiye aliyehariri.”

Leo ndiyo anakumbuka nimehariri mimi!

Nikamuuliza kwa sauti, “Mbona jina ni lako?” Ukumbi mzima kicheko.

Akaja kuninong'oneza: “Dada Dorika, ile nzuri unayo?”

Ninayo. Ilikuwa kwenye flashi, ndani ya pochi yangu. Nikamwambia sina, nikaendelea na pilau langu.

Ile mbovu ikachezwa mpaka mwisho. Kila kitu ukutani kilitetemeka, isipokuwa jina lake.