Mawe Kwenye Mchele Safi

Buyenzi, Bujumbura
Jumatano, 12 Novemba. Manyunyu tangu alfajiri, milima ya Kongo haionekani.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, na kwamba goti halikusumbui sana na mvua hizi. Mimi mwili ni mzima. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na haya nataka uyasome peke yako. Ataileta Bi Chausiku wa vitenge, anapanda basi la Kigoma kesho.

Petroli hakuna mjini. Kila siku natembea kutoka Buyenzi hadi Rohero, nafika viatu vimejaa tope, na Shefu, ndivyo tunavyomwita mkuu wa ofisi, anatugombeza kwa kuchelewa, yeye aliyeletwa na gari la ofisi. Hayo nimeyazoea.

Lililonichoma ni jingine. Unajua kwamba niko kwa majaribio kwenye ile ofisi ya katuni za kompyuta, na kwamba nafasi ni moja kati yangu na Divine, binti wa Uvira. Atakayekosa anafunga mizigo. Kwangu hiyo ni kurudi kukaa dukani kwa Kaka, nisikie asubuhi na jioni jinsi nilivyopoteza ujana kwa michoro ya watoto.

Jaribio la mwisho lilikuwa hili: kila mmoja amchezeshe mtu wa katuni anayepokea habari mbaya, bila neno hata moja. Mwili tu ndio useme. Kisha mwenye kazi anataja habari yenyewe ni ipi, kazi inawekwa kwenye skrini kubwa, wote wanatoa maoni, na mwenye kazi anakaa kimya mpaka wamalize. Wenyewe wanaita koreksyo.

Mama, nilikuweka wewe.

Unaikumbuka siku Baba Mdogo alipoingia uani akitoka hospitali, bila kupiga hodi. Ulikuwa na ungo mapajani, unachambua mchele. Uliinua macho ukamwona amesimama na viatu juu ya mkeka, yeye ambaye hata siku moja hakuukanyaga mkeka wako na viatu, ukajua kwamba Baba hayupo tena. Hukulia. Mkono wako uliendelea kuchambua, ila sasa ulikuwa unaokota mawe uliyokwisha kuyatoa na kuyarudisha kwenye mchele safi, moja moja. Nilikuwa nimekaa mbele yako, nikaona. Ndicho nilichokichora. Nilihangaika na ule mkono mpaka vidole vikawa vyako.

Walianza na Divine. Mwanamume aliyemchora anaambiwa amefukuzwa kazi, naye anainuka kitini kama puto. Nilimwambia ukweli: "Hana uzito. Mtu aliyepigwa na habari hainuki mara moja. Mwache ashike meza, ajaribu, akae tena." Akaandika. Shefu akasema, "Umesikia, Divine? Hiyo ni dawa."

Ikaja yangu. Shefu akacheka.

"We Zaina, huyu mama ni mutu ao ni mashini? Bwana yake amekufa, yeye iko anachagua muchele!"

"Labda alikuwa hamupendi," mmoja akasema nyuma. Wakacheka wote.

"Mi naona hata mukono umekosea," Divine akasema. "Anarudisha mawe. Alipashwa kuyatupa. Rekebisha, dada, ni kosa kidogo tu."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikavunja sheria, nikafungua mdomo. Niliwaeleza kwamba si kosa, kwamba niliona kwa macho yangu. Shefu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bon. Na mutu akiangalia kwake nyumbani, utaenda kusimama pembeni ya televizyo umuelezee? Apana. Mutu akifiwa anashika kichwa, anaanguka. Lete hiyo."

Nikarudi mezani kwangu.

Basi nikaleta. Nilimwondolea ungo, nikamshikisha kichwa, nikamwangusha chini, nikampa machozi makubwa kama maharage. Haikuwa kazi ngumu hata kidogo. Leo wameitazama. Msichana wa mapokezi akafuta macho. "Vwala!" Shefu akapiga makofi. "Sasa ni mama wa kweli." Divine alileta mwanamume wake ameshika meza, vile vile nilivyomwambia, na alikuwa mzuri kuliko wangu. Nafasi nimepewa mimi. Alinikumbatia mlangoni.

"Hongera, dada. Unaona? Tulikusaidia."

Kesho anarudi kwao.

Nimeshinda, Mama, na mdomoni ni kama nimelamba majivu. Kazi hiyo ndiyo Shefu atakayoituma huku na huko kutafutia wateja, na watu watarushiana kwenye simu. Siku moja wajukuu watakuonyesha wakisema shangazi ndiye kaichora. Ujue kwamba yule mama anayegaagaa si wewe. Wewe walikukataa, na mimi ndiye niliyekufuta.

Nisalimie Kaka huko dukani, mwambie nimepata kazi, usimwambie nimeipataje. Wifi na kichanga chake. Bibi mzaa Baba, kama bado anauliza nitarudi lini. Na Baba Mdogo, mwambie kwamba kuhusu viatu sina kinyongo naye.

Kuna moja hatukuwahi kulisema nyumbani. Mchele ule uliupika jioni ile ile, ukatupakulia. Kila mmoja wetu alikutana na mawe, hata Kaka. Uliketi unatutazama kama tunashiba, na hakuna aliyetema. Tuliyameza.

Mwanao,
Zaina

Saa nane usiku. Sasa nalala.