Bundi Juu ya Meli

Los Angeles, 4 Septemba

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mgongo unaendeleaje, na duka lako la tatoo je? Mimi ni mzima wa mwili. Simu zetu wenye shindano hili la runinga wamezifungia kabatini tangu siku ya kwanza, ndiyo maana nakuandikia. Tumebaki wachora tatoo tisa katika jumba moja, na hakuna anayemsalimu mwenzake mpaka kamera iwake. Kesho kutwa shindano ni kufunika tatoo mbovu za watu. Niombee.

Binti yako, Marnie

Duluth, 9 Septemba

Marnie mwanangu,

Mgongo ni uleule, na baridi imeanza kutoka ziwani. Nimetazama vipindi vya mwaka jana vya shindano lenu. Mtu anayechorwa mnamwita "turubai". Turubai gani hilo linalotoka jasho na kuuma meno? Na waamuzi wanacheka kazi ya mtu asiyekuwepo kujitetea. Huo si ufundi, ni umbea wenye taa. Nilikufundisha: akija mtu na tatoo aliyoichora mwenzako, kabla hujashika sindano mwulize aliipata lini, na alikuwa na nani. Ukilishika hilo, hata wakikutoa kesho, kwangu umeshinda.

Kula vizuri.

Baba yako

Los Angeles, 15 Septemba

Baba,

Natumaini hujambo. Barua yako ilifika shindano lile la kufunika limekwisha. Wateja ndio waliotuchagua. Mzee mmoja alinijia moja kwa moja, akakunja shati: meli ya madini, bomba la moshi limepinda kushoto. Niliijua kazi yako kabla hajakaa. Mwamuzi akauliza, "Nani alimfanyia mzee wa watu unyama huu?" Kamera ilikuwa puani mwangu. Nikasema, "Labda alichora akiwa amelala." Wakacheka.

Sikumwuliza mzee kitu. Niliifunika meli kwa bundi, nikashinda siku ile. Yeye alitazama ukuta muda wote. Kipindi kitaonyeshwa Novemba. Usitazame.

Nisamehe.

Binti yako

Duluth, 22 Novemba

Marnie,

Sijambo. Nilitazama, nimekaa na Orville Stenlund, rafiki yangu wa zamani usiyemkumbuka. Ndiye mzee wako. Nilimwomba mimi ajiandikishe, kwa kuwa nilijua huko utakuwa mpweke. Alitaka umnyooshee lile bomba tu. Alikuwa anasubiri umwulize.

Meli ile niliichora wiki tuliyomzika mama yako. Duka lilikuwa tupu. Orville akaja akakaa kitini ili mikono yangu ipate kazi, nayo ikatetemeka, bomba likapinda. Nikamwambia nitairekebisha. Akasema, "Iache. Huyo mtoto wako akikua ataninyooshea."

Siku hizi havui shati la mikono mirefu hata ndani ya nyumba. Bundi ni mzuri, siwezi kukataa. Manyoya yale si kazi ya mtoto.

Baba

Kansas City, 16 Februari

Baba,

Hujambo? Hii ni barua ya nne bila jibu, na simu huipokei. Taji nililipata, bila shaka umesikia. Wananitembeza mji baada ya mji, na kila mji foleni ni ya kuomba bundi yuleyule. Ngozi zao ni safi, hazijachorwa, sina la kuwauliza. Nikimaliza nakula hotelini peke yangu.

Mkono wangu wa kushoto hauna tatoo hata moja. Ijumaa nitashuka Duluth. Nitapita kwa Orville kwanza, akinifungulia. Halafu nitakaa kwenye kiti chako, au kwenye ngazi za nje kama umefunga. Nataka unichore ile meli. Mikono yako ikitetemeka, iache itetemeke.

Bomba usilinyooshe.

Binti yako, Marnie